Hesabu Iliyo Vidoleni

Ukitoka Mwingi, ukaiacha barabara ya Garissa na kushika njia ya kaskazini, utapita Kyuso kisha ufike Tseikuru. Huku ni ukingoni mwa Kaunti ya Kitui. Mbele ni nyika inayoteremka hadi Mto Tana, na upande wa mashariki ni Hifadhi ya Kora. Mvua ya huku haina ahadi, mibuyu imesimama kama wazee wa baraza, na jua likishapanda kila mwenye kazi ya mikono huitafutia kivuli. Katika kivuli kimoja cha namna hiyo nilikaa asubuhi nzima nikimtazama mama mzee akisuka kiondo.

Kila mtu pale alimwita Susu, jina ambalo Wakamba humwitia nyanya. Alikuwa akimsimulia jirani yake habari za mbuzi aliyepotea. Alinyoosha shingo kuangalia nani anapita, akaitikia salamu, akamfukuza kuku aliyekuwa akiparura karibu na maji. Muda wote huo vidole vyake havikutulia, wala macho yake hayakuviangalia. Mara akanyamaza katikati ya neno. Akakileta kiondo karibu na uso, akafumua mishono michache, akairudia upya, kisha akaendelea na habari za mbuzi pale alipoziachia.

"Umeona nini, Susu?" nikamuuliza.

"Sikuona kitu, mjukuu wangu. Mkono umekataa."

Niliondoka Tseikuru na maneno hayo. Watu wengi hupenda kusoma habari za uwezo uliofichika katika ubongo wa binadamu, na huzitafuta mbali, kwa watu wa ajabu wanaoonyeshwa kwenye runinga. Mimi naona vyema tuanzie hapa, kwenye mkono unaokataa.

Wakamba husema kyondo, na vikiwa vingi husema syondo. Siku hizi vingi husukwa kwa nyuzi za katani, ingawa mkonge wenyewe ni mgeni. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida kuja Afrika Mashariki ya Kijerumani, na iliyosalimika safarini ilikuwa 62 tu. Mashamba makubwa ya mkonge ya Tanga yaliota kutokana na miche hiyo michache. Kabla ya mkonge, wanawake wa Ukambani walikuwa wakichukua nyuzi katika miti yao wenyewe, na mbuyu ulikuwa mmoja wa miti hiyo. Gome la ndani hubanduliwa, likapondwa na kulowekwa hadi nyuzi ziachane. Mbuyu una neema ambayo miti mingi haina: ukibanduliwa gome kwa uangalifu haufi, huotesha jingine.

Baada ya nyuzi kukauka huja kazi ya kupota. Susu huketi miguu ameinyoosha, akaweka mafungu mawili membamba ya katani juu ya paja na kuyasukuma mbele kwa kiganja. Kila fungu linajisokota peke yake. Kisha anavuta kiganja nyuma, na mafungu hayo mawili yanakumbatiana na kuwa uzi mmoja. Kusukuma mbele huzipa nyuzi msokoto wa upande huu, kurudisha nyuma huzifunga kwa msokoto wa upande ule, na kwa kuwa misokoto hiyo miwili inapingana, hakuna unaoweza kufumuka. Uzi mmoja hauna uzito wa kuhesabika, lakini kiondo kilichotokana nao hubeba viazi na mahindi kutoka sokoni, miaka na miaka. Paja na kiganja vimeitatua kanuni ya nguvu ambayo mhandisi angeichorea michoro.

Kusuka kwenyewe huanzia kitakoni. Nyuzi za kusimama, yaani mitande, hupishanishwa katikati zikawa kama miali ya jua. Nyuzi mbili za kuzunguka, yaani mishindio, huukumbata kila mtande, mmoja ukipita mbele na mwingine nyuma, halafu hupishana na kubadilishana nafasi kabla ya kuufikia mtande unaofuata. Mzunguko hufuata mzunguko kwa mwendo wa konokono. Kitako kinavyopanuka, msukaji huongeza mitande mipya ili nafasi zisiwe pana. Kikifika upana anaoutaka, huacha kuongeza, na ukuta wa kiondo huanza kupanda. Hakuna fremu wala kitanda cha mfumi. Mitande hubaki ikining'inia ovyo kama mizizi iliyong'olewa, na umbo lote la kiondo liko kichwani mwa anayesuka.

Hapo ndipo palipo na hesabu, nami naomba msomaji anivumilie kidogo, kwa sababu jambo hili ni zuri mno kupitiwa haraka.

Chukua mishindio miwili, mmoja mweusi na mmoja mweupe. Inapopishana, rangi hupokezana zamu: juu ya mtande huu nyeusi, juu ya ule nyeupe, tena nyeusi, tena nyeupe. Ikiwa idadi ya mitande ni shufwa, mzunguko wa pili utarudia rangi zile zile mahali pale pale, na kiondo kitatoka na mistari iliyosimama. Ikiwa idadi ni witiri, mzunguko wa pili utaanza kwa rangi ya pili, kila nyeusi itakalia nyeupe, na kiondo kitatoka na madoadoa. Tofauti ya mtande mmoja tu, katika mitande mia mbili na zaidi, inabadilisha sura ya kiondo kizima.

Sasa fikiria pambo kubwa, tuseme pembetatu inayochukua mitande 12. Kiondo chenye mitande 240 kitabeba pembetatu 20 kamili. Chenye mitande 245 kitabakiza mitano, na pembetatu ya mwisho itagongana na ya kwanza kama watu wawili mlangoni. Jambo hilo lazima lijulikane kabla ukuta haujaanza kupanda, maana baadaye hakuna nafasi ya kujirekebisha. Nilimuuliza Susu kiondo chake kina mitande mingapi. Akakitazama kwa upole, akasema, "Ni ya kutosha." Nikaihesabu mwenyewe, nikapotea mara mbili, na mara ya tatu nikaipata. Mapambo yake yalikuwa yameenea sawasawa, hakuna mtande uliobaki.

Hesabu hizi za nyuzi zilinikumbusha mtoto mmoja wa Afrika aliyeishi zamani sana. Thomas Fuller alizaliwa barani humu yapata mwaka 1710, akauzwa utumwani Virginia, Marekani, akiwa na miaka 14. Hakufundishwa kusoma wala kuandika. Alipokuwa mzee, wageni walimwendea na kumuuliza mwaka mmoja na nusu una sekunde ngapi. Alifikiri kwa muda wa dakika mbili hivi, akajibu 47,304,000. Wakamuuliza mtu aliyeishi miaka 70, siku 17 na saa 12 ameishi sekunde ngapi. Akajibu 2,210,500,800. Mmoja wao, aliyekuwa akihesabu kwa kalamu, akamwambia amekosea kwa kuzidisha. Fuller akamkumbusha kwamba amesahau miaka mirefu, ile yenye siku moja ya ziada. Yule mwenye kalamu alipoiongeza, akakuta jibu la mzee ni sahihi.

Daktari Benjamin Rush wa Philadelphia aliandika habari hizo na kuzisambaza. Nimeyafanya mahesabu hayo mwenyewe, na majibu ya Fuller yanasimama. Ila kinachonigusa zaidi ni namna alivyoanza. Alieleza kwamba alijifunza kuhesabu hadi 10, kisha hadi 100, kisha akazihesabu singa za mkia wa ng'ombe, akapata 2,872. Hakuwa na kitabu. Alikuwa na mkia wa ng'ombe na subira. Kutoka hapo aliendelea hadi akawa anazipima kichwani ekari za shamba na punje za mbegu.

Waandishi wa baadaye walimweka Fuller katika kundi la watu wanaoitwa savanti. Neno hilo linatokana na Kifaransa, na maana yake ni mtu mwenye ujuzi. Katika tiba humhusu mtu mwenye ulemavu wa akili, usonji au jeraha la ubongo, ambaye wakati huohuo ana kipaji kimoja kinachowashinda wengi. Mwaka 1887 J. Langdon Down, daktari wa London ambaye jina lake limebaki katika sindromu ya Down, alieleza habari za watu wa namna hiyo aliowahudumia. Baada yake Darold Treffert, daktari wa Wisconsin, aliwafuatilia kwa miongo mingi. Aliona kwamba vipaji vyao havitawanyiki kila mahali. Vingi huangukia muziki, sanaa ya kuchora na kuchonga, hesabu, kukokotoa kalenda, na ufundi wa maumbo na mitambo. Katika watu wenye usonji, alikadiria kwamba mmoja kati ya 10 huwa na kipaji cha aina hiyo kwa kiwango fulani.

Mmoja wao ni Alonzo Clemons wa Colorado. Aliumia ubongo akiwa mtoto mdogo, na kuzungumza kukawa kazi ngumu kwake. Lakini akimtazama farasi kwa muda mfupi, hata kwenye picha, anaweza kumfinyanga kwa udongo akiwa na kila msuli mahali pake. Vidole vyake vinajua mnyama huyo ana uzito gani na anasimama vipi, na ulimi wake haujawahi kutakiwa kueleza.

Wataalamu hawajakubaliana juu ya sababu moja. Wapo wanaosema kwamba upande wa kushoto wa ubongo ukiumia, upande wa kulia huchukua kazi na kuifanya kwa namna yake. Yupo Uta Frith wa London, aliyefundisha kwamba akili ya mtu mwenye usonji huona vipande kabla ya kuona jumla. Sisi wengine tukiangalia kiondo tunaona kiondo. Huenda mtu huyo mwenye usonji akaona uzi, na uzi, na uzi. Maelezo haya ya pili yananivutia kwa sababu msukaji mzuri lazima aweze yote mawili. Asipouona uzi atakosea mshono, na asipokiona kiondo hatakimaliza.

Hapa niondoe dhana moja iliyoenea. Husemwa kwamba binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo wake, na kwamba watu kama Fuller wamefungua chumba ambacho sisi tumekifunga. Si kweli. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi, sawa na asilimia 2 ya mwili, lakini mwili uliopumzika huutengea takriban asilimia 20 ya nguvu zake. Hakuna nyumba inayomlisha hivyo mtu anayelala mchana kutwa. Ubongo wote unafanya kazi. Watu hutofautiana kwa yale waliyoufanyisha, na kwa subira waliyoitia.

Basi mkono wa Susu ulikataa nini? Jibu zuri kuliko yote niliyoyasoma lilitoka kwa mtu ambaye hakuweza kukumbuka. Mwaka 1953, Henry Molaison, kijana wa Connecticut, alipasuliwa ubongo ili kutuliza kifafa. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo hakuweza tena kuhifadhi tukio jipya. Mtu aliyemsalimu asubuhi alikuwa mgeni kwake baada ya muda mfupi. Mwanasaikolojia Brenda Milner wa Montreal alimpa kazi ya kufuatisha mistari ya nyota kwa kalamu huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Siku ya kwanza kalamu ilipotea njia, kama inavyompotea yeyote anayejaribu. Siku ya tatu mistari ilinyooka. Na kila siku alipokaa kitini, Molaison hakuwa na kumbukumbu yoyote ya kuifanya kazi hiyo kabla. Mkono ulikuwa umejifunza, na mwenyewe hakuwa na habari.

Kutokana naye wataalamu walielewa kwamba kumbukumbu si ghala moja. Kumbukumbu ya matukio ina mahali pake, na kumbukumbu ya ufundi ina pake, katika sehemu za ndani za ubongo na katika serebela iliyo kisogoni. Huko hakuna maneno. Ndiyo maana Susu hakuweza kuniambia idadi ya mitande, na ndiyo maana hakuhitaji kuitaja. Mtande mmoja uliporukwa, mapigo yaliyozoeleka yakavunjika, na sehemu ile isiyo na maneno ikamsimamisha katikati ya habari za mbuzi. Yeye akatoa jibu ambalo mtaalamu angelihitajia kurasa kadhaa.

Wala ujuzi hauishii kukaa tu mahali pake, hupajenga pia. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walichunguza ubongo wa madereva 16 wa teksi za London, watu wanaolazimika kukariri maelfu ya mitaa kabla ya kupewa leseni. Sehemu ya nyuma ya hipokampasi, ambayo husaidia kukumbuka njia na mahali, ilikuwa kubwa zaidi kwao kuliko kwa watu wengine, na ilizidi kwa kadiri ya miaka ya kazi. Mwaka 2011 ikaripotiwa kwamba wanafunzi wa udereva huo waliofaulu walikuwa wamekua sehemu hiyo baada ya miaka ya masomo, na walioshindwa hawakukua. Hawakuzaliwa nao ukubwa huo, waliutafuta mtaa kwa mtaa. Wahenga walisema ujuzi hauzeeki, nami nikikumbuka vidole vya Susu, vyenye sugu na bado vyepesi, naona walisema kweli.

Kazi hii haifundishwi kwa mihadhara. Msichana huketi kando ya mamake au nyanyake na kupewa katani apote. Anapota hadi uzi wake uwe na unene mmoja toka mwanzo hadi mwisho, na hilo peke yake huchukua muda mrefu. Kisha hupewa kitako kidogo akiharibu. Anakiharibu, kinafumuliwa, anaanza tena, na hakuna anayemkaripia kwa sababu kila aliyeketi pale aliwahi kuharibu. Baadaye utamwona akisuka njiani akienda kisimani, akisuka kwenye mkutano wa chama, akisuka akiongea. Hapo kazi imekwisha kushuka kutoka kichwani kwenda mahali pasipo na maneno.

Asubuhi ile, kwenye mkeka wa Susu alikuwapo pia mvulana wa miaka kama 10, mtoto wa jirani, ambaye hazungumzi. Familia yake haimfichi. Kila siku huletwa kivulini, na alikuwa akizipanga nyuzi za katani kwa urefu, fupi hadi ndefu, bila kuchoka. Susu alikuwa amemfundisha kupota. Niliushika uzi wake mikononi, nao ulikuwa sawasawa mara kumi kuliko ule niliojaribu kuupota mimi. Si savanti, wala hakuna anayemtazamia awe. Hana maajabu ya kuonyesha wageni. Ni mtoto aliyepewa mahali pa kukaa na kazi inayofaa mikono yake, na uzi wake uko ndani ya vyondo vinavyobebwa sokoni.

Nalisema hili kwa sababu habari za savanti zinaweza kutupotosha. Ikiwa mmoja kati ya watu 10 wenye usonji ana kipaji cha aina hiyo, basi tisa hawana, na hao tisa hawadaiwi muujiza wowote ili wapendwe. Kwa bahati mbaya katika vijiji vyetu, na mijini vilevile, bado wapo watoto wanaofungiwa chumba cha nyuma mgeni akibisha hodi. Tunauliza uwezo gani umefichika katika ubongo wa binadamu, na huku tumemficha binadamu mwenyewe.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwa wazazi: vituo vya serikali vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu vimekuwapo Kenya tangu mwaka 1984. Mpelekeni mtoto, na mkirudi nyumbani mumpe nafasi mkekani. Kwa walimu wa Tseikuru na kwingineko: mtaala wa umilisi ulioanza mwaka 2017 unawataka mtambue kipaji cha kila mwanafunzi. Mwalikeni msukaji mmoja darasani siku mnapofundisha shufwa na witiri. Aje na nyuzi nyeusi na nyeupe, na watoto waone namba zikigeuka mistari na madoadoa mbele ya macho yao.

Ombi la tatu ni kwako msomaji. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Kenya mwezi Agosti 2017, vikapu vimerudi mikononi mwa wengi. Ukikutana na mama anayeuza kiondo alichokisuka mwenyewe, usianze kwa kupunguza bei. Kigeuze ndani nje, uchague mzunguko mmoja na uihesabu mitande yake mtande kwa mtande mpaka urudi ulipoanzia. Ukimaliza, mlipe.